Kabla hujampakulia mama apu ya Kiingereza

Ujumbe ninaoupata sana unakuja hivi: "Mwalimu, naomba apu nzuri ya Kiingereza, ni ya mama yangu." Nami huwa nauliza kwanza: mama anasoma Kiswahili? Maana apu na tovuti nyingi za kufundishia Kiingereza zimetengenezwa kwa mtu ambaye kusoma anajua tayari. Mpe mtu ambaye hakupata shule simu janja na bando la wiki. Baada ya siku mbili simu imekuwa ya kuangalizia taarabu. Simlaumu hata kidogo.

Hapa Kigoma ninao wa aina mbili. Wako vijana wa boti pale Kibirizi, wanaopakia wageni wa hifadhi ya Gombe. Hawa wamemaliza la saba, Kiswahili wanasoma bila shida, wanataka Kiingereza cha kuelewana na abiria. Halafu wako kina mama wa Ujiji, wa dagaa na mawese, ambao watoto wao wameingia sekondari, karibu kila somo ni Kiingereza, na daftari likiletwa nyumbani wao hawajui hata limeshikwa juu au chini.

Kwa kina mama, KKK za Kiswahili (kusoma, kuandika, kuhesabu) zitangulie. Akishaishika "ka" leo, ataikuta ni "ka" kila anapokwenda. Kiingereza hakina huruma hiyo. Mwanakisomo aliyezoea silabi zetu akikutana na "come" atasoma "ko-me", na kwa kanuni tuliyomfundisha yuko sahihi kabisa. Unamrekebisha, anakubali, halafu anakutana na "home" na hiyo nayo ina mambo yake! Kama Kiingereza anakitaka sasa hivi, apewe kwa masikio: salamu, bei, hesabu, siku za wiki. Maandishi yake yatamsubiri.

Na kwa masikio huhitaji intaneti kila siku. Kitochi chenye memori kadi kinatosha. Nenda kwenye kibanda cha kurushia nyimbo, mwambie kijana akuwekee masomo badala ya muziki. Ninayopenda ni masomo ya Kiingereza ya VOA, redio ya Marekani, yale yaliyoanza mwaka 1959: maneno ya msingi kama 1,500 tu, sentensi fupi, na msomaji anasoma taratibu kuliko mtangazaji wa kawaida. Vipindi walivyotengeneza wenyewe havina hakimiliki, kwa hiyo kuvinakili na kugawiana si wizi. Kipindi cha dakika sita cha BBC wengi wanakisifia, lakini kwa anayeanza kinakimbia mno. Wape vijana wa Kibirizi, tena baada ya miezi.

Mafaili yape majina ya namba: 01, 02, 03. Mfanyabiashara wa sokoni anasoma tarakimu za noti na za mzani muda mrefu kabla ya herufi; somo la saba atalipata mwenyewe bila kumwita mtu. Nyimbo zisiwekwe kwenye kadi hiyo hiyo, la sivyo utaletewa malalamiko kwamba "mwalimu amekatika".

Kadi peke yake haifundishi, na hili si jipya nchini. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipotangazwa redioni, watu hawakuachwa kila mmoja na redio yake. Walikaa kwenye vikundi, kipindi kikisikilizwa kinafuatwa na kijitabu, kisha mjadala, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyeandaliwa. Walishiriki watu wapatao milioni mbili. Leo redio imekuwa memori kadi na kikundi kimehamia WhatsApp, lakini yule kiongozi hatujapata cha kumbadilisha.

Wengi humchagua mtoto wa kidato cha pili kwa kuwa ndiye anayejua. Mimi nakataa. Mama mtu mzima hatakubali kusahihishwa na mjukuu wake jirani wakisikia. Atasema ana kazi, na hutamwona tena. Tafuta mwenzake wa rika lake aliyemtangulia masomo mawili matatu. Mazoezi yatumwe kwa sauti, dakika moja au mbili, usiku baada ya sala ya Isha wakati soko limefungwa. Akipatia, asifiwe kwenye kundi. Akikosea, masahihisho yaende kwenye namba yake, kundi lisijue.