Kuwekewa oksijeni si tiketi ya kaburini

"Wakishamwekea gesi, basi tena." Maneno haya husikika sana kwenye korido za hospitali, na wapo ndugu wanaomvua mgonjwa mipira ya puani usiku wakidhani wanamwokoa. Oksijeni ni dawa, na kama dawa nyingine ina kipimo chake. Wengi wanaofariki wakiwa nayo walizidiwa na ugonjwa wenyewe, pengine walifikishwa wakiwa wamechelewa. Lawama ikabaki kwa mtungi!

Tazama kile kibanio cha kidoleni. Namba yake hukadiria asilimia ya oksijeni iliyobebwa na damu. Mtu mwenye afya kwa kawaida husoma 95 hadi 100. Ikishuka chini ya 90, hapo mgonjwa anahitaji oksijeni bila kusubiri azidiwe. Mwenye nimonia anaweza kuwekewa lita 2 kwa dakika huku anaongea na kula, kisha ikapunguzwa kidogo kidogo mpaka ikaondolewa.

Wengine hukosea kinyume chake: humsihi muuguzi afungulie zaidi. Wagonjwa wengi wanatosheka kibanio kikisoma 94 hadi 98. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, kama ule unaoletwa na sigara, mara nyingi hulengwa 88 hadi 92 tu, maana oksijeni ikizidi, kabonidioksidi inaweza kurundikana kwenye damu, akaanza kusinzia na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo usiiguse ile koki. Na usiwashe kiberiti karibu: oksijeni yenyewe haiungui, ila huufanya moto ushike kwa kasi ya kutisha.