Bima kubwa au bima ndogo: anza na thamani ya gari

Wateja wengi wa bima ya gari ninaowahudumia kama wakala hapa Tabora huuliza bei kabla ya jambo jingine lolote, nami huwajibu kwa swali: gari hili likiharibika kabisa wiki ijayo, utaweza kununua jingine kwa fedha zako mwenyewe? Jibu lake husaidia kuchagua kuliko umri wa gari au maneno ya jirani.

Bima ndogo ndiyo inayolazimishwa na sheria, na kwa gari dogo la binafsi ada yake ni shilingi 100,000 kwa mwaka kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Hulipia madhara uliyomsababishia mtu mwingine: ukimgonga bodaboda, yeye atafidiwa majeraha na pikipiki yake, lakini bampa na taa zako utazitengeneza mwenyewe. Bima kubwa hubeba hayo yote, kisha huongeza kinga ya gari lako dhidi ya ajali, moto na wizi. Katikati ipo bima ya wahusika wengine, yaani bima ndogo, pamoja na moto na wizi wa gari lako. Kwa mtu anayekwenda Kigoma mara kwa mara kupitia Urambo na Kaliua siipendekezi, kwa kuwa hatari kubwa ya safari hiyo ni ajali, na akiipata, gari lake halitengenezwi.

Ada ya bima kubwa kwa gari la binafsi kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, na hapo ndipo mtu hushawishika kuipunja thamani hiyo. Tuseme gari ni la shilingi milioni 12, mwenyewe akaandikisha milioni 8: ada inashuka kutoka 420,000 hadi 280,000, naye anaondoka akifurahia 140,000 alizookoa. Siku atakapopata ajali yenye matengenezo ya milioni 3, kampuni inaweza kutumia kanuni ya uwiano, na kwa kuwa alikatia bima theluthi mbili tu ya thamani, hesabu itaishia milioni 2, ambazo nazo hukatwa kiasi anachotakiwa kubeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba.

Gari lililonunuliwa kwa mkopo halina mjadala, maana benki hudai bima kubwa. Kwa gari kuukuu la milioni nne ambalo mwenyewe ana akiba, mimi hushauri bima ndogo, ingawa kamisheni yangu hupungua.

Lipo jambo ambalo halitegemei ukubwa wa bima, nalo ni matumizi. Gari lililokatiwa bima ya binafsi likikutwa limebeba abiria wa nauli kwenda Sikonge, kampuni ina sababu ya kukataa madai yako, hata kama ulilipia bima kubwa. Mweleze wakala matumizi halisi ya gari kabla hajakuandikia, na baada ya kulipa, hakiki namba ya usajili wa gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini Tanzania, ukiwa bado ofisini kwake.