Gari kugoma kuwaka mara moja moja sio lazima iwe betri

Hapa Dar gari ikigoma kuwaka tu, kila mtu kijiweni anakuwa fundi na jibu lao moja, "betri hiyo bosi, nunua mpya". Unanunua, inawaka siku nne, ya tano uko Buguruni jua kali imegoma tena.

Betri iliyochoka huwa haibahatishi hivyo. Stata, ile mota inayozungusha injini iwake, inazunguka kwa uvivu, taa za dashibodi zinafifia, na asubuhi inakuwa mbaya zaidi. Sasa kama taa zinawaka vizuri, ukizungusha ufunguo unasikia "ta!" moja tu halafu kimya, ukijaribu mara ya tano inawaka kama haikuwa na shida, hapo mi naangalia stata kwanza. Kwenye Toyota nyingi za zamani ndani ya solenoidi, yaani swichi ya umeme iliyo kwenye stata, kuna vipande viwili vya shaba vinavyopitisha umeme, vikilika vinagusana leo kesho havigusani. Ukimpata fundi umeme mzuri anabadilisha hivyo tu, stata nzima ya nini.

Kabla hujafungua mfuko chukua mita ya kupimia volti. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6. Mtu azungushe ufunguo, ikilia "ta!" na mita imebaki juu ya 12, betri muache. Kisha pima kutoka hasi ya betri hadi kwenye bodi ya injini huku stata inazunguka, ikizidi nusu volti basi waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi, una kutu, na chumvi ya bahari huku kwetu haina huruma.