Kucheza video zako za VR kutoka kwenye eksteno maana yake nini hasa

Tangu watu waone nimemvalisha bibi miwani ya VR, ile inayokufanya uone kama uko ndani ya video, pale nyumbani Chang'ombe, hapa Dodoma, naulizwa sana hili swali, na wengi wanadhani eksteno, yaani flashi au diski ya nje unayochomeka, ndo inayocheza video. Hapana. Eksteno ni ghala tu. Kazi ya kufungua faili na kukuonyesha picha inafanywa na miwani yenyewe pamoja na plea iliyomo ndani, yaani programu ya kuchezea video, eksteno yenyewe inatoa data kwa kasi inayotakiwa, basi. Ukilishika hilo utajua pa kuanzia kutafuta tatizo siku video ikigoma.

Tunaposema video "zako" tunamaanisha ulizorekodi mwenyewe au ulizopewa na ndugu, ambazo haziko mtandaoni, hivyo hazili bando wala hazihitaji akaunti. Mimi mwezi wa nane nilipeleka kamera ya 360, inayorekodi pande zote kwa pamoja, Hombolo wakati wa kuvuna zabibu, nikaisimamisha kwenye stendi katikati ya mistari, watu wanakata vichala wanajaza kreti huku wanapiga stori. Bibi magoti hayamruhusu tena kufika shambani. Alipovaa miwani kitu cha kwanza akawasalimia, "Mbukwenyi!", kisha akageuka kushoto kutafuta tenki la maji, akalikuta palepale lilipo siku zote, mara akanyoosha mkono achume. Nilisisimka mwili mzima.

Sasa hiyo video ukiifungua kwenye simu kwa plea ya kawaida utashangaa, mistari imepinda, aliyesimama karibu na kamera kavutwa kama chapati. Fikiria ile ramani ya dunia iliyobandikwa darasani, dunia ni duara lakini wameitandaza ikawa bapa ndo maana Greenland inaonekana kubwa kupita kiasi. Faili ya 360 ni hivyohivyo, ni duara lililotandazwa, na plea ya VR inalikunja tena likuzunguke. Zipo pia za 180 ambazo zinaonyesha mbele tu, na mara nyingi hizo zina picha mbili pembeni kwa pembeni, moja ya jicho la kushoto moja ya kulia, ndo unapata ule undani wa kuona kitu kiko karibu au mbali.

Hapo ndo ukubwa wa faili unapoanzia na ndo sababu watu wanakimbilia eksteno. Ukiwa ndani ya miwani unaona kama robo tu ya duara kwa wakati mmoja, kwa hiyo video yenye upana wa pikseli (vinukta vya picha) 1920, ambayo kwenye TV ni safi kabisa, ukiizungusha 360 mbele ya macho yako zinabaki 480 tu, ukungu mtupu. Kamera nyingi za 360 zinarekodi 5760 kwa 2880 na bado kila upande unapata 1440. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde dakika 10 tu zinakula GB 7.5, harusi moja ukiirekodi yote nafasi ya ndani ya miwani imeisha.

Mtego mkubwa, na huu ulinipotezea jioni nzima, ni fomati ya diski, yaani mfumo inaotumia kupanga faili. Nilikuwa na flashi ya GB 64, tupu kabisa, nahamishia video ya Hombolo inaniambia faili ni kubwa mno, nikabadilisha flashi, nikabadilisha waya, wapi. Kumbe ilikuwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4 hata kama flashi ina nafasi kiasi gani. Dawa yake ni kuifomati iwe exFAT kwenye kompyuta, ila hamisha vitu vyako kwanza maana kufomati kunafuta kila kitu.

Kwa miwani zinazojitegemea kama Meta Quest 2 na Quest 3, ndani yake kuna Android kama simu, na tundu ni lile la USB-C. Unachomeka eksteno, unafungua plea inayojua VR, mfano Skybox au DeoVR, unaipa ruhusa ya kusoma hifadhi halafu unatafuta folda yako. Video ikicheza lakini unaona picha mbili au watu wamevutika usiilaumu eksteno, ni plea haijajua duara limetandazwaje. Nenda kwenye mipangilio uchague 180 au 360, na kama picha mbili ziko pembeni kwa pembeni au juu na chini. Mimi napenda kuiandika kwenye jina la faili kabisa, kama hombolo_360 au sendoff_180_LR (LR ni kushoto na kulia), plea nyingi zinasoma hilo jina na kujipanga zenyewe.

Kuhusu umeme, eksteno inanyonya betri ya miwani, na betri yenyewe ni ya masaa mawili hivi. Hadidiski ya kuzunguka inakula zaidi, wakati mwingine inawaka taa tu na kukata, kwa hiyo flashi nzuri au SSD ndogo, diski isiyozunguka, inafaa zaidi. Na tundu ni moja, ukitaka kuchaji huku unaangalia tafuta kigawa tundu kinachopitisha chaji. Ukimaliza, funga plea kwanza na uitoe eksteno kwenye mfumo (eject) ndo uchomoe, kwa sababu exFAT ukiichomoa katikati ya kazi faili zinaharibika kirahisi. Ile ya Hombolo nimeiweka sehemu mbili, bibi anaiomba karibu kila Jumapili akitoka kanisani.