Begi lililobaki na jua la saa saba

Siku moja, kwenye kiwanja kimoja cha nyanda za juu, mzee mmoja aliona koti langu la kung'aa akadhani mimi ndiye mwenye ndege. Sikuwahi hata kumaliza shikamoo.

"Mwanangu, wenzetu wa asubuhi wameondoka na mizigo yao yote. Sisi wa saa saba tunaambiwa mabegi yatafuata kesho. Kwani ndege imepungua?"

Ndege haikupungua, mzee wangu. Hewa ndiyo iliyopungua.

Mimi ni mhandisi wa viwanja vya ndege. Shughuli yangu ni lami, mabawa nawaachia wengine. Ila urefu wa lami unaamuliwa na bawa. Kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari hewa inazidi kuwa nyepesi, na jua likiipasha inakuwa nyepesi zaidi. Hapo ndege hulazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi ndipo inyanyuke, huku injini nazo zikivuta hewa ileile hafifu. Inataka lami ndefu, na lami haivutiki kama mpira. Kinachoweza kupunguzwa ni mzigo.

Tuchukue Songwe, kiwanja kilichoanza kazi Desemba 2012 kuchukua nafasi ya kile cha zamani kilichobanwa na mji wa Mbeya. Kipo kama mita 1,340 juu ya bahari. Sasa chukua ndege ambayo pwani, hewa ikiwa na nyuzi 15, ingetosheka na mita 1,800. Hesabu ya awali ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, inaongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko: tayari tuko mita 2,360. Kisha joto. Kwa mwinuko ule, hewa ya vitabuni, yaani ya kipimo cha wastani kinachotumika kwenye hesabu hizi, ina nyuzi kama 6 tu. Tuseme mchana wa mwezi wa joto unafika 26; hizo ni nyuzi 20 za ziada, na kila moja inadai asilimia 1. Tumefika 2,830 na ushei. Kilomita nzima imeongezeka, na ndege ni ileile!

Ndiyo maana Songwe ilipewa mita zaidi ya 3,300. Eldoret, iliyo juu zaidi, mita 2,100 na kitu, ina karibu kilomita tatu na nusu, na wapo waliodhani ni mbwembwe.

Namba kubwa zilizochorwa mwanzoni mwa lami hazihusiani na urefu. Ni uelekeo wa dira uliokatwa sifuri ya mwisho: 09 ni nyuzi 90, mashariki. Ukija upande wa pili unakuta 27.

Jengo la abiria ndilo linalokatiwa utepe, na silidharau. Nani anapenda kusubiri juani? Lakini mimi nikifika kiwanja kipya naangalia kwanza pembeni mwa lami, kwenye taa nne zilizopangwa mstari mmoja. Rubani anayeshuka akiziona zote nyeupe, yuko juu mno. Zote nyekundu, yuko chini, na hapo si pa kuzubaa. Mbili nyeupe na mbili nyekundu, anakuja vizuri. Vioo vyake vikishika vumbi au nguzo ikipinda kidogo tu, zinadanganya. Kwa hiyo kuna mtu wa kuzifuta na kuzipima, na huyo hakatiwi utepe.

Ukungu ukilala, hata hizo hazisaidii sana. Kama kiwanja hakina mitambo ya redio ya kumshusha rubani bila kuona, atazunguka, ataangalia mafuta yake, atarudi alikotoka, na jengo zuri litabaki na watu wamekaa.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la maana kuliko maelezo yangu yote: safari ijayo akate tiketi ya saa ngapi?

Saa moja asubuhi, nikamwambia. Na aje na sweta.