Swichibodi za simu za vitani: mkono ule haukuwa wa kuongelea

Wengi wakimwona kwenye filamu askari wa Ujerumani wa Vita Kuu ya Pili akizungusha mkono wa simu, hudhani anazalisha umeme wa kuongelea, na kwamba swichibodi, yaani kisanduku cha kuunganishia laini za simu, ndiyo iliyousambaza umeme huo kwa wote. Sivyo.

Umeme wa maongezi ulitoka kwenye betri kavu ya volti 1.5 iliyokaa ndani ya kila simu, kama ile ya Feldfernsprecher 33 (simu ya vitani ya jeshi la Ujerumani), na ulikuwa wa maikrofoni ya kaboni. Mkono ulizungusha dainamo ndogo yenye kazi moja tu: kupeleka ishara ya kuita.

Sasa tazama swichibodi, tuseme ile ndogo ya laini 10. Mkondo wa dainamo ukifika, unaamsha sumaku-umeme. Sumaku inavuta kipande cha chuma kinachoshikilia kifuniko, na kifuniko kidogo cha laini hiyo kinaanguka. Mwendeshaji anamjua anayeita, anamuuliza anamtaka nani, kisha anachomeka plagi ya laini moja kwenye tundu la nyingine na kumpigia kengele anayetafutwa. Baada ya hapo swichibodi ni kiungo cha waya tu. Haikuzi sauti hata chembe, ndiyo maana umbali ukizidi, au waya uliotandazwa matopeni ukivujisha mkondo, maneno hufifia.

Wakimaliza, wanazungusha tena mkono kidogo. Kifuniko kinaanguka, plagi inachomolewa. Wakisahau, mwendeshaji hulazimika kuingia kwenye laini na kusikiliza kama bado wanaongea. Faragha, kwa kweli, haikuwepo.