Maana ya Kosa la Mwendo Kasi kwa Dereva wa Kawaida

Dereva anayetoka Arusha kwenda Moshi hukutana na vibao vya 50, yaani ukomo wa kilomita 50 kwa saa, mara kwa mara, kwa kuwa barabara hiyo kuu imepita katikati ya makazi, masoko na shule za Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti na Boma Ng'ombe. Anapopigwa tochi, yaani kupimwa mwendo kwa kifaa cha trafiki, na kusimamishwa, utetezi wake wa kwanza huwa ni kwamba hakumgonga mtu. Utetezi huo haumsaidii, kwa sababu chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, kosa la mwendo kasi hukamilika pale chombo kinapozidi ukomo uliowekwa, iwe kimeleta madhara au hakikuleta.

Sheria haikusubiri ajali kwa sababu ya msingi kabisa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husogea takriban mita 14 kila sekunde, na likiwa katika 80 husogea mita 22; hivyo mtoto anapoingia barabarani ghafla, dereva wa 80 huwa ameshapita mita 22 kabla mguu wake haujagusa breki, ikiwa alichukua sekunde moja tu kushtuka. Kwa hiyo naona vibaya sana desturi ya kuwashiana taa ili kumwonya mwenzako kuwa trafiki yuko mbele, kwani humfanya apunguze mwendo kwa kumwogopa trafiki tu, si kwa ajili ya mtoto huyo.

Faini ya shilingi 30,000 ndiyo matokeo tunayoyafahamu zaidi, lakini maana yake haieleweki vizuri. Kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinaruhusu kosa limalizwe kwa dereva kulikiri na kulipa bila kufikishwa mahakamani, utaratibu ambao wanasheria huuita kufifilisha kosa. Kulipa, basi, ni kukiri. Dereva anayeamini kwamba hakutenda kosa hapaswi kulipa ili tu aondoke haraka, bali anayo haki ya kulikana na kuomba shauri lipelekwe mahakamani, ambako upande wa mashtaka ndio wenye wajibu wa kuthibitisha. Huko akitiwa hatiani, adhabu huamuliwa na hakimu na si lazima iishie kwenye kiasi kile cha barabarani.

Kutokuwapo kwa kibao cha 50 nako si ruhusa ya kukimbia. Anayeendesha kwa kasi isiyolingana na ukungu, mvua au msongamano wa watu anaweza kushtakiwa kwa uendeshaji wa hatari hata kama hakuna namba yoyote iliyoandikwa pembeni ya barabara.

Mambo hubadilika kabisa mtu anapojeruhiwa au kufa. Hapo hatuzungumzii tena stakabadhi ya faini, kwa kuwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari ni kosa linaloweza kumpeleka dereva gerezani na kumfanya afungiwe leseni, na kando ya jinai hiyo familia ya marehemu inaweza kufungua madai ya fidia. Bima ndogo, ambayo kila mwenye gari analazimika kuwa nayo kwa sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, ipo kwa ajili ya watu wengine walioumizwa. Haimlipii dereva faini, wala haimwondoi kizimbani.

Liko pia jambo ambalo wanaoazimana magari hulisahau: kosa likishaandikwa kwenye mfumo wa polisi, deni huonekana kwa namba ya usajili wa gari. Ndugu aliyeazima gari kwenda msibani Machame anaweza kulirudisha likiwa safi, huku mwenye gari akija kulikuta deni siku anapotaka kuliuza. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa gari lililotumika hufanya vyema kuangalia madeni ya namba hiyo kabla hajakabidhi fedha, na muuzaji ndiye anayestahili kuyalipa.